Kura ya Ubunge ni Kura ya Dodoma

Mazungumzo na wapiga kura wa Chake Chake, Pemba, wakati wa kampeni za 2025

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao karatasi ya kura mtaishika kwa mara ya kwanza, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze jambo moja tu, namna ya kuamua kura ya ubunge, na nimesharutishwa nisimtaje mgombea wala nisije na rangi ya chama. Kanzu yangu nyeupe, mnaiona. Kofia pia nimeitazama mara mbili kabla ya kutoka nyumbani.

Siku ya uchaguzi Mzanzibari hupewa karatasi tano: Rais wa Jamhuri ya Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Za urais watu wengi wameshaziamua tangu zamani, wengine tangu hawajazaliwa. Diwani ni mtu wa mtaani, tunamjua anakaa wapi na anadaiwa na nani. Wanabaki Mbunge na Mwakilishi, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa.

Nendeni kwenye mkutano wa mgombea ubunge. Atasema ataleta maji. Atasema barabara ya ndani itatiwa lami, kituo cha afya kitapata daktari, skuli itaongezwa madarasa, karafuu itapanda bei. Kesho yake anakuja mgombea uwakilishi wa chama kile kile, jukwaa lile lile, spika zile zile, na ahadi ni zile zile kwa mpangilio ule ule. Watu wanapiga makofi mara mbili. Basi mmoja kati ya wawili hawa anatuahidi kazi isiyokuwa yake, na mtu huyo ni mgombea ubunge.

Maji yetu yako chini ya Mamlaka ya Maji Zanzibar. Karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Skuli za maandalizi, msingi na sekondari ziko chini ya Wizara ya Elimu ya Serikali ya Mapinduzi. Hospitali, ardhi, kilimo na barabara hizi tunazopitia kila siku, zote ni mambo ya Zanzibar, na fedha zake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mbunge hakai Chukwani. Wako watano tu wenye miguu miwili, ambao Baraza lenyewe huwachagua miongoni mwa wajumbe wake wakaingia na Bungeni, lakini hao hatuwapigii kura sisi. Huyu tunayempigia anakwenda Dodoma, na waziri wa maji atakayemkuta Dodoma hana kisima hata kimoja cha serikali hapa Pemba.

Mtaniambia, mbona mbunge aliyepita alichimba kisima? Kweli, alichimba. Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na majimbo ya Zanzibar yanapata fungu lake. Fedha hizo ni za umma. Mbunge huongoza kamati inayozipanga, na aliyezipanga vizuri tumshukuru kwa kupanga vizuri. Lakini mtu akisimama jukwaani akasema "nilikuchimbieni kisima" kama kwamba alikwenda benki akatoa akiba yake, mwambieni kwa adabu kwamba tunajua kilikotoka.

Sasa tumwache kisimani, twende naye Dodoma. Kazi yake huko ni ipi?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina Nyongeza ya Kwanza, na ndani yake mna orodha ya Mambo ya Muungano. Mapatano ya mwaka 1964 yalianza na mambo 11. Leo orodha ina mambo 22. Ulinzi na usalama, polisi, uraia, uhamiaji, mambo ya nje, sarafu na benki, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, posta na simu, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, Mahakama ya Rufani, uandikishaji wa vyama vya siasa. Sikuyataja yote, nimetaja yale yanayomgusa mtu aliyekaa kwenye mkeka huu. Kijana wako akikaa mtihani wa kidato cha nne hapa skuli ya Fidel Castro, karatasi inatoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Akikamatwa, anayemkamata ni polisi wa Jamhuri. Mshahara wa mwalimu unakatwa kodi ya mapato kwa sheria iliyopitishwa Bungeni. Hata kifurushi chako cha intaneti, sheria inayomsimamia anayekuuzia imetungwa Dodoma.

Orodha ile haikujiongeza yenyewe. Sarafu iliingizwa mwaka 1965. Mafuta na gesi asilia mwaka 1968. Uandikishaji wa vyama mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporudi. Kila jambo liliingia kwa mlango wa Bunge. Na katika ile miaka ya sitini hapakuwa na Mzanzibari hata mmoja aliyekaa Bungeni kwa kura ya jimbo, waliokuwamo waliteuliwa. Bibi zetu hawakuulizwa. Sisi tunaulizwa, halafu tunampima mgombea kwa kisima.

Bandari nayo, kwa maandishi, imo katika orodha. Lakini Malindi, Mkoani na Wete ziko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar. Muungano una mambo yake ya kwenye karatasi na mambo yake ya kwenye gati, na mbunge mzuri ni yule anayeyajua yote mawili.

Nichukue mfano wa umeme, maana hapo pana mtego. Umeme haumo katika yale mambo 22. Mtu atakwambia basi mbunge hahusiki. Kumbe umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na Unguja wanapata wa kwao kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wanaununua kwa TANESCO, shirika la umeme la Bara. TANESCO iko chini ya Waziri wa Nishati, na Waziri wa Nishati anajibu masuali Dodoma. Kwa hiyo mbunge wa Pemba ana haki ya kusimama akauliza: bei mnayowauzia ZECO mmeipangaje? Hilo ndilo jicho la mbunge ninalolitaka mimi. Mwakilishi hawezi kumuuliza waziri yule, kwa sababu waziri yule haingii Chukwani.

Kuna na wafanyabiashara. Mtu ananunua bidhaa Darajani, imeshalipiwa ushuru Unguja, anavuka nayo, anafika bandarini Dar es Salaam anaambiwa alipe tofauti. Malalamiko hayo ni ya miaka mingi, tumeyasikia mpaka tumeyazoea, na serikali mbili zimeyakalia vikao hatujui vingapi. Forodha ni jambo la Muungano. Mgombea anayetaka kwenda Dodoma na hana neno la kusema juu ya hilo, anakwenda kufanya nini?

Na fedha. Ibara ya 133 ya Katiba inataka iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja ya serikali mbili, na Ibara ya 134 inaweka Tume ya Pamoja ya Fedha ili ichambue nani anachangia nini na anapata nini. Badala ya hesabu hiyo, tumeishi kwa muda mrefu na ile asilimia 4.5 ambayo Zanzibar hupewa katika misaada ya kibajeti. Wengine wanasema ndogo, wengine wanasema ukitazama idadi ya watu inatosha. Mimi sikuja kuwaamulia. Nasema mgombea ubunge aliyepita jimbo zima na hajawahi kutamka "Tume ya Pamoja ya Fedha" hajui anaomba kazi gani.

Nisimame hapa kidogo niwatendee haki na ndugu zetu wa Bara. Wabunge wetu wakiwa Dodoma wanapigia kura bajeti nzima, pamoja na ya barabara za Singida na hospitali za Kagera, mambo ambayo siyo ya Muungano. Watu wa Bara wengine hulalamika: hawa wa Visiwani wana Baraza lao, na bado wanaamua ya kwetu. Naona lalamiko lao lina uzito. Linanifanya nione haya zaidi ninapomwona mbunge wetu amekaa miaka mitano anapiga meza kwa mambo ya wengine, na ya kwetu hakuyagusa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja, na ambalo sijalisikia kwenye mkutano wowote wa kampeni mwaka huu.

Ibara ya 98. Mkitoka hapa na kitu kimoja kichwani, kiwe hicho. Sheria ya kawaida Bunge huipitisha kwa wingi wa kura za waliohudhuria. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini kuna mambo manane yaliyoandikwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, na hayo hayabadiliki mpaka zipatikane theluthi mbili mara mbili: theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Bara, na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Zanzibar. Zinahesabiwa mbali mbali. Miongoni mwake ni kuwepo kwenyewe kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, na ile orodha ya Mambo ya Muungano.

Mmeliona? Majimbo ya Jamhuri nzima kwa uchaguzi huu ni 272, na ya kwetu ni 50: Unguja 32, Pemba 18. Kwa mambo ya kila siku, hamsini wetu wanaweza kuzidiwa kura na wasifanye kitu. Lakini ikifika orodha ile, wa Bara wote wakisema ndiyo na wa kwetu theluthi yao na ziada wakasema hapana, jambo limekwama. Kufuli lile lina funguo mbili, na mmoja uko mfukoni mwa mtu tutakayemchagua. Ndiyo maana nawauliza: mmemtazama mfuko wake, kama hautoboki?

Tumeshauona mfumo huo ukifanya kazi. Oktoba 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipopigia kura Katiba Inayopendekezwa, zilitakiwa theluthi mbili za kila upande. Wajumbe wa Bara walikuwa wengi kupita kiasi, hapakuwa na wasiwasi nao. Roho za watu zilikuwa juu kwa kura za Zanzibar, zikihesabiwa moja moja. Katiba ile haikufika kwenye kura ya maoni mpaka leo. Siku itakaporudi, ile au nyengine, mnataka awe nani kwenye kiti chenu?

Mtu atasema: kura yangu moja itafanya nini? Ndugu zangu, mji huu wa Chake Chake ndio wa mwisho duniani kuuliza suali hilo. Uchaguzi wa Januari 1961, viti vya Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar vilikuwa 22. Vyama vilikuwa vitatu: ASP walipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Na kimoja katika vile 10 kilikuwa cha Chake Chake, na kilipatikana kwa kura moja. Moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa ASP, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haikuundika, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka ule ule. Uchaguzi wa Juni ulileta fujo Unguja, watu 68 wakafa. Sisemi waliuliwa na kura moja ya Chake Chake. Nasema yule mtu mmoja wa hapa, ambaye asubuhi ile angeweza kukaa zake barazani, hakujua anashika nini mkononi.

Na mwaka 1963 tukafunzwa jengine. ASP walipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali wakaunda ZNP na ZPPP. Katika uchaguzi wa majimbo, kura zako zikirundikana pahala pamoja hazikusaidii pengine. Yaliyofuata Januari 1964 kila mmoja hapa ana hadithi yake nyumbani, na mimi sitaifungua hapa.

Wako wanaosema kura ya ubunge ni ya bure kwa sababu ya yaliyotokea 2015. Hebu tukumbuke vizuri. Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, alitangaza kufuta uchaguzi wa Zanzibar, ukarudiwa Machi 20, 2016, na wengine wakaususia. Lakini kura za ubunge, zilizopigwa siku ile ile, kwenye vituo vile vile, na watu wale wale, hazikufutwa. Wabunge waliochaguliwa Oktoba wakaenda Dodoma wakaapishwa. Mtu anaweza kuchota katika tukio hilo hasira, na ana haki yake. Mimi nachota na jambo la pili: karatasi ile ya ubunge ina tume yake na njia yake, na mara ile ilisimama wakati nyenzake zimeanguka.

Chama au mtu? Hilo ndilo suali ninaloulizwa sana na vijana. Jibu la sheria ni kali kuliko tunavyopenda. Katiba haimruhusu mtu kugombea bila chama. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2010 kwamba kulibadilisha hilo ni kazi ya Bunge, siyo ya mahakama. Na mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kinamtoka. Hapa hapa jirani, Wawi, tuliona Januari 2012 chama cha CUF kilipomfukuza uanachama mbunge wake, Hamad Rashid Mohamed. Alikwenda Mahakama Kuu, na akabaki mbunge mpaka muhula ukaisha. Lakini mtazame jinsi ilivyokuwa: watu wa Wawi walimchagua, na wa kumtoa walikuwa kikao cha chama. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unachagua mtu peke yake, hata awe hodari vipi. Ukimpenda mtu, tazama na chama kitamwachia mdomo kiasi gani. Na ukikipenda chama, bado unayo haki ya kukasirika kikikuletea mtu asiyesoma miswada.

Na aliye chama kisichoshinda jimbo lake asifikiri kura yake imetupwa baharini. Viti maalum vya wanawake Bungeni hugawiwa vyama kwa kufuata kura za ubunge. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima, kinaingia katika mgao. Karatasi ya ubunge, kwa hivyo, inafanya kazi mara mbili: inamchagua wa jimbo, na inaongeza uzito wa chama katika viti maalum, hata kama wa jimbo ameanguka.

Takrima, zile zawadi za wagombea kwa wapiga kura, nitaipita haraka, kila mtu anajua. Kulikuwa na kifungu cha sheria kilichoiruhusu, Mahakama Kuu ikakibatilisha mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kanga bado zinagaiwa, mchele bado unashushwa usiku. Ukipewa kanga, kura yako haijulikani na aliyekupa. Ila tambua kwamba anayekununua kwa kanga Septemba atataka kuirudisha gharama yake mahala fulani.

La mwisho ni la ndani ya nyumba, na naomba wanaume wenzangu msitazame chini. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa habari za wanawake wa Zanzibar walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Talaka, kwa karatasi! Mtu ameoa, amezaa, anasali safu ya mbele, halafu anamuuliza mkewe alitia alama wapi. Kura ni ya siri kwa sheria, na siri hiyo ni ya mke vile vile. Mama zangu, hamuwajibiki kusema. Na nyinyi waume, mkiwa hamna imani na akili ya mwenzenu katika ubunge, mmemwachiaje akili hiyo hiyo iwalee watoto?

Na nyinyi vijana: mgombea akija barazani kwenu, muulizeni matatu haya kabla hajafika kwenye jezi za mpira. Katika yale mambo 22, ni lipi utalishika na kwa nini? Ikija Ibara ya 98 mbele yako, na chama kinataka moja na watu wa jimbo wanataka jengine, utafanyaje? Na kama umeshakaa Bungeni, uliuliza masuali gani? La tatu hili halihitaji hata ajibu. Taarifa rasmi za Bunge, hansadi, zinahifadhiwa, na michango ya wabunge imo katika tovuti ya Bunge. Nyinyi mna simu, someni wenyewe. Yupo atakayewashangaza kwa uzuri. Yupo atakayewashangaza kwa kimya.

Ahsanteni. Nafungua masuali sasa, na tutaanza na upande wa akina mama, maana huku kwa wanaume wakishaanza hatutoki mpaka magharibi.